Asilimia za makabila ya Lanet: kwa nini huzioni, na cha kuhesabu badala yake

Swali: "Mimi ni katibu wa chama cha wakazi hapa Lanet, Nakuru. Tunaandaa ombi kwa serikali ya kaunti tujengewe zahanati na madarasa ya chekechea, na tumeambiwa tuambatishe maelezo ya watu wanaoishi mtaani. Kamati ilipoketi tuligombana. Mzee mmoja alishikilia kwamba kabila lake ndilo kubwa hapa, vijana wakakataa, na mama mmoja akauliza kwa nini tunaanzia kwa makabila. Nimepekua ripoti za sensa nikitafuta asilimia za makabila ya Lanet, sikuziona. Ziko wapi? Na mtaa uliochanganyika kama huu huelezwa vipi kwa takwimu?"

Jibu:

Katibu, pokea salamu zangu, wewe na kamati yako. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: asilimia hizo hukuzipita kwa haraka, hazijachapishwa. Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ilimuuliza kila Mkenya kabila lake, lakini Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilitoa hesabu hiyo kwa nchi nzima tu. Ndiyo maana utasoma kwamba Wakikuyu walikuwa 8,148,668, Waluhya 6,823,842, Wakalenjin 6,358,113, Waluo 5,066,966, Wakamba 4,663,910, na kuendelea hadi makundi madogo kama Wanubi 21,319. Dini zimetolewa kaunti kwa kaunti. Makabila hayakushuka hata ngazi hiyo moja, sembuse kufika Lanet. Mtu akikuletea karatasi yenye asilimia za makabila ya mtaa wako na kudai ni za sensa, mwombe akuonyeshe ukurasa.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Sensa ya 1989 ilitoa makabila hadi wilayani. Ile ya 1999 iliuliza, kisha matokeo hayo hayakutolewa. Wenye maamuzi walikuwa na sababu zao, ila mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa sana. Tuliona vita vya kikabila vya 1992 kule Molo na kandokando yake, tukaona Njoro mwanzoni mwa 1998, na Januari 2008, baada ya uchaguzi, moto ukafika mjini kwetu, majirani wakakimbiana, uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha vikajaa familia zenye magodoro na sufuria. Wengi wa wale waliolala pale hawakurudi walikotoka. Walikodi vyumba au wakanunua vijipande vya ardhi pembezoni mwa mji, na baadhi yao huenda ni majirani zako. Kwa hiyo yule mama aliyeuliza kwa nini mnaanzia kwa makabila aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa mezani siku hiyo.

Nami nalijua kosa hili kwa sababu nililifanya. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, shirika moja lilinituma niandike maelezo ya mtaa uliokuwa upelekewe maji. Niliwauliza wazee watatu, wakakisia mgao wa makabila, nikauchora kwa duara la rangi nikaubandika ukutani siku ya baraza. Akina mama walikuwa wamekuja na mitungi, wakidhani mazungumzo yatakuwa ya mabomba. Hakuna aliyetaja bomba. Watu walibishana juu ya lile duara mpaka mkutano ukavunjika, na mradi ukapelekwa kwingine. Tangu siku hiyo kila nikianza kuandika habari za mtaa, najiuliza kwanza: maelezo haya yanaombea nini?

Yenu yanaombea zahanati na chekechea. Mambo hayo mawili yako mikononi mwa serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na afisa atakayesoma ombi lenu atataka kujua mna watoto wangapi wa chini ya miaka 5, wangapi wa miaka 4 na 5 wanaofaa kuingia chekechea, wanawake wangapi wenye umri wa kuzaa, na wazee wangapi wanaohitaji dawa za kila mwezi. Yote hayo ni umri. Kabila halimwambii kama mnahitaji muuguzi mmoja au wanne.

Sasa, umri utaupata wapi? Hapa itabidi kwanza ujue uko wapi, na hili huwachanganya hata watu wa ofisini. Kwa macho, Lanet ni Nakuru tu: unapanda matatu, dakika chache uko mjini. Lakini wadi ya Lanet/Umoja iko katika eneo bunge la Bahati. Ukifungua vitabu vya sensa ukatafuta Nakuru Mashariki peke yake utakata tamaa. Pitia pia kaunti ndogo ya Nakuru Kaskazini, iliko Bahati, ambayo ilikuwa na watu 218,050 mwaka 2019, na utafute majina ya kata zenu ndogo moja moja, maana watu hulitumia jina Lanet kwa upana kuliko mpaka wowote uliochorwa.

Nikuonyeshe jinsi mipaka inavyoweza kuwaficha watu. Nakuru Mashariki ilikuwa na watu 193,926 na Nakuru Magharibi 198,661. Ukijumlisha unapata 392,587, na wengi huishia hapo wakidhani ndiyo Nakuru mjini. Sensa iyo hiyo ilihesabu mji wenyewe, yaani makazi ya mjini yaliyoshikana bila kujali mpaka wa kaunti ndogo, ikapata watu 570,674. Toa hesabu ya kwanza katika ya pili: watu wasiopungua 178,087 wa mji huu walikuwa wakilala nje ya kaunti ndogo hizo mbili. Ni karibu mtu mmoja kwa kila watatu. Hao ni watu wa vitongoji. Wanafanya kazi mjini, wananunua mjini, watoto wao husoma mjini, lakini kwenye vitabu wamewekwa kapu moja na wakulima wa viazi. Andikeni hesabu hiyo katika aya ya kwanza ya ombi lenu. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, sherehe ilikuwa ya mji mzima, pamoja na ninyi mlio pembezoni.

Idadi ya wakazi wa kila kata ndogo imechapishwa, wanaume, wanawake na kaya zao. Umri umechapishwa hadi kaunti ndogo. Njia nyepesi ni kuchukua uwiano wa watoto wa chini ya miaka 5 katika kaunti ndogo na kuuzidisha kwa idadi ya watu wa kata yenu ndogo. Ni makadirio, na myaite makadirio. Lakini kuna kasoro ambayo lazima uijue. Kaunti ndogo ina mashamba ya kina Bahati na Dundori, ambako nyumba moja ina babu, bibi, na vijana waliobakia nyumbani. Kitongoji cha kupanga hakiko hivyo. Kina vijana wa miaka 20 hadi 35 wengi kupita kiasi, watoto wao wadogo, na wazee wachache. Kwa hiyo makadirio hayo huenda yakapunguza watoto wenu. Ndiyo sababu nitawaomba mhesabu wenyewe kidogo, nitaeleza hapo chini.

Kambi ya jeshi nayo ina uzito wake. Lanet imekuwa na wanajeshi tangu kabla ya nchi hii kujitawala. Maasi ya Januari 1964 yalitokea hapo hapo. Kambi ikiwa ndani ya mpaka wa kata fulani, wanaume wa umri wa kazi huongezeka kwenye hesabu yake, na mtu asiyejua atajiuliza wake zao wamekwenda wapi. Kaunti nzima ilikuwa na wanaume 1,077,272, wanawake 1,084,835 na watu 95 wenye jinsia mbili, ambao sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza kuwahesabu. Wanaume na wanawake wanakaribia kulingana. Ukiona kata yenu imeelemea upande mmoja sana, tafuta kambi, shule ya bweni au mashine ya kokoto kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Jeshi pia ni jibu la swali lako la mchanganyiko. Mtaa haupati watu wa kila pembe kwa bahati. Kila kundi lina njia iliyolileta, na nadhani sehemu hii ya maelezo yenu ndiyo itakayopendeza kuandika. Ardhi hii ya Nakuru ilikuwa malisho ya Wamaasai, na jina Nakuru lenyewe ni la Kimaasai, lahusu vumbi. Reli ilifika 1900. Mkataba wa 1904 ukawahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa la kati, ardhi ikapewa walowezi, na walowezi wakahitaji mikono: Wakikuyu kutoka milimani, Wakipsigis, Waluhya na Waluo waliofuata reli, Wahindi wenye maduka na karakana. Baada ya uhuru mashamba yalinunuliwa na vyama na kampuni za wananchi, wanahisa wakagawana ekari, ekari zikawa ploti za futi hamsini kwa mia. Mwanajeshi kutoka Kitui akistaafu hapa anajenga hapa, kwa kuwa watoto wamezoea shule. Mwalimu kutoka Kisii ananunua ploti kupitia chama. Familia iliyofukuzwa Kuresoi inakodi chumba kwa mwezi mmoja, mwezi unakuwa miaka 16. Na sasa yupo kijana anayefanya kazi Nairobi na kujenga Lanet kwa sababu barabara kuu inampitishia mlangoni.

Unaona kwamba katika orodha hiyo nimetaja makabila, na sikuhitaji asilimia hata moja. Nimeyafunga kwenye sababu na wakati. Mwanahisa wa shamba wa miaka ya 1970 na mkimbizi wa 2008 wanaweza kuwa kabila moja na wasifanane kwa lolote: mmoja ana hati ya ardhi, mwingine analipa kodi kila tarehe 5. Zahanati itawahudumia wote wawili, lakini mradi wa maji wenye masharti ya hati utamwacha mmoja nje. Tofauti ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kuonekana kwenye maelezo yenu.

Hata hilo neno kabila, ukilisogelea, halitulii. Waluhya kwenye orodha ni namba moja, lakini Mbukusu na Mlogoli wakikutana kwenye bomba la ploti, mara nyingi wataongea Kiswahili ili waelewane haraka. Wakalenjin ni Wakipsigis, Watugen, Wanandi, Wakeiyo na wengine. Orodha yenyewe hupanuka: Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa kuwa kabila la 44. Na katika sensa ya 2009 watu zaidi ya 600,000 walikataa kutaja kabila, wakajibu kuwa wao ni Wakenya, na hesabu yao ikachapishwa hivyo hivyo.

Nakumbuka kaya moja ya Lanet, vyumba viwili vya mabati nyuma ya duka, mlango umefunikwa pazia la maua. Baba alikuwa mtu wa Vihiga, fundi wa kuchomelea. Mama alizaliwa Subukia, Mkikuyu. Watoto watatu, na nyanya yao mzaa mama alikuwa amekuja wiki hiyo kuonwa macho. Karani wa sensa alipofika kwenye swali la kabila la watoto, baba alijibu kwa wote, Waluhya, karani akabonyeza kishikwambi chake akasonga mbele. Mama alikuwa akisonga ugali, hakusema neno. Lakini muda wote tuliokaa pale watoto walimjibu nyanya kwa Kikuyu, baba kwa Kiswahili, na wenyewe kwa wenyewe kwa Sheng. Kilogoli walijua salamu tu. Nyanya naye alihesabiwa Lanet, kwa sababu sensa huhesabu mtu pale alipolala usiku ule, ingawa shamba lake na kanisa lake viko Subukia. Kila kilichoandikwa kilikuwa sahihi kwa kanuni za sensa. Lakini ukitaka kujua mtangaze chanjo kwa lugha gani ili nyanya huyo na majirani wake waelewe, safu ya kabila ingekupoteza.

Kwa hiyo, ulizeni lugha. Lugha inayosemwa na watoto nyumbani, na kama yumo mtu mzima asiyejua Kiswahili. Kwa zahanati swali hilo lina thamani kubwa, kwa sababu mgonjwa asiyeelewa maagizo ya dawa ni mgonjwa aliye hatarini. Na msishangae Kiswahili kikiongoza. Mwaka 2012 chifu wa Lanet Umoja, Francis Kariuki, alipata sifa duniani kwa kuwatumia wakazi ujumbe wa Twitter uliofika hata kwenye simu ndogo, wenye habari za wizi na hata za kondoo aliyepotea. Alikuwa akiandika zaidi kwa Kiswahili. Alijua watu wake wanaitana kwa lugha gani usiku mlango ukivunjwa.

Sasa kuhusu kuhesabu. Hamhitaji kuzunguka kila mlango. Chukueni ramani ya kata, gaweni mtaa kwa aina za makazi: ploti za vyumba vya kupanga, nyumba za wenyewe zenye ua, na pande ambazo bado ni shamba. Katika kila aina chagueni ploti kwa kuruka idadi ile ile, tuseme kila ya kumi, msichague zenye marafiki wala zilizo karibu na steji. Mkifika kwenye ploti ya vyumba, anzeni na keateka, yaani mtunza ploti, kwa sababu yeye ndiye ajuaye vyumba vipi vina watu na saa wanayorudi. Mlango ukiwa umefungwa rudini; msiuvuke kwenda wa jirani, maana waliofunga milango mara nyingi ni wale vijana wa kazi ambao tayari mna hatari ya kuwakosa.

Maswali yawe machache. Watu wangapi wanalala hapa na kula chungu kimoja, na umri wa kila mmoja. Mlihamia Lanet mwaka gani, mkitoka wapi. Mnapanga au ni kwenu. Lugha, kama nilivyosema. Mtoto akiugua usiku mnampeleka wapi, na mnalipa nauli kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo litakalouza ombi lenu, niamini. Chungu kimoja nacho kitiliwe mkazo: ndugu wawili wanaogawana kitanda lakini kila mmoja anapika chake ni kaya mbili. Kwa kaunti nzima sensa ilipata kaya 616,046, wastani wa watu 3.5, wakati wastani wa nchi ni 3.9. Ninyi mkipata wastani mdogo zaidi kwenye ploti za vyumba, msidhani mmekosea. Wapangaji wachanga huishi wachache wachache.

Kabila msiulize. Najua kamati itasema tutauliza bila kutaja majina. Lakini mkishaandika namba ya ploti, namba ya chumba na kabila kwenye daftari moja, mtu yeyote wa mtaani anaweza kumtambua mwenyewe kwa dakika moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka asili ya kikabila katika kundi la habari nyeti za mtu, ambazo huwezi kuzikusanya unavyotaka. Na hata bila sheria: daftari hilo litalala kabatini kwa nani mwaka wa uchaguzi? Sisemi hivi kwa kudhania watu mabaya. Nimekaa na watu ambao nyumba zao zilijulikana ni za nani kabla ya waliozichoma kufika.

Orodha ya wapiga kura, nadhani mtu atawapendekezea. Idadi ya kila wadi hutolewa na tume ya uchaguzi, lakini haina watoto, na wapangaji wengi hujiandikisha walikozaliwa. Mita za stima ni kipimo bora cha ongezeko la nyumba, ingawa ploti nyingine ina mita moja kwa vyumba vingi. Tumieni kuangalia mwelekeo tu.

Mwelekeo wenyewe utajeni. Kati ya 2009 na 2019 kaunti ilitoka watu 1,603,325 hadi 2,162,202, ongezeko la takriban 35 kwa mia, wakati nchi nzima iliongezeka kama 23 kwa mia. Sensa nyingine inatarajiwa 2029, kwa hiyo afisa anayepanga zahanati yenu anatumia hesabu ya watoto ambao sasa wako shule ya msingi. Hesabu yenu ndogo ya mwaka huu itamwonyesha waliozaliwa baada yao. Iandikeni tarehe, idadi ya ploti mlizotembelea, na milango ambayo haikufunguliwa.

Mzee wa kamati asiachwe nje. Mpeni kazi ya kuandika historia: shamba la nani liligawanywa lini, nani walikuwa wa kwanza kujenga, kisima cha kwanza kilichimbwa wapi. Huenda kabila lake litatajwa humo kwa haki, pamoja na mengine, likiwa na mwaka na sababu. Yule mama aongoze kikosi cha maswali. Anzeni na ploti zilizo nyuma ya maduka, Jumapili kuanzia saa kumi jioni, watu wakiwa wametoka kanisani na chakula kikiwa jikoni. Wasabato watembeleeni siku hiyo hiyo, watakuwa nyumbani tangu asubuhi. Mkimaliza ishirini za kwanza, niandikie tena unieleze milango mingapi mlikuta imefungwa, nikuambie kama mnahitaji kurudi jioni za katikati ya wiki.